Kodi Ikiwa Bado Mbichi

Wewe unayenisoma, nakuomba uwe kama mtu aliyekuja kwangu mchana, akavua viatu mlangoni, akakaa, na baada ya salamu akasema, "Mama, nataka kujenga vyumba vya kupangisha. Nimepata pa kukopa. Nipe mawazo." Wanakuja wengi siku hizi, na huwa siwakatishi tamaa, maana vyumba vya kupangisha vimenilisha karibu maisha yangu yote ya utu uzima na sina ugomvi navyo. Huwa nawawekea chai, halafu nawasimulia mwaka mmoja tu. Ukiuelewa mwaka huo, mambo ya riba na mikataba utayaelewa vizuri ukiwa umekaa mbele ya afisa wa mikopo, wala hutahitaji mtu wa kukushika mkono. Siku zote nimeusimulia kwa mdomo. Leo nauandika kwa sababu mtu aliyenivusha mwaka huo hayupo tena, na nimerudi kutoka kumzika nikakuta nyumbani hakuna wa kumwambia.

Alikuwa anaitwa Mama Tasiana, mwuza usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaokaushwa juani. Kwao ni Mbaha. Nilitoka Mbinga peke yangu, nikabadilisha gari Kitai, nikateremka hadi ziwani, na nilipofika watu walikuwa wameshakaa kwenye mikeka nje ya nyumba, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Maji yalikuwa yanaonekana nyuma ya nyumba, meupe kwa jua. Mama mmoja alinisogezea khanga nikae, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe ni nani wa marehemu?" Nikamjibu, "Alikuwa mpangaji wangu, Mbinga." Baadaye, kabla ya jeneza kutolewa, msemaji wa familia alisimama kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze kwa familia, wayamalize kwa amani. Yule mama akanigeukia. Wa pembeni yake naye akanigeukia. Nikaona habari inakwenda mkekani, kichwa baada ya kichwa: mwenye nyumba wa Mbinga amekuja, amefuata kodi yake. Nilitaka kusimama niseme kwamba mimi ndiye ninayedaiwa. Lakini ungelielezaje jambo kama hilo kwa watu waliofiwa, jua likiwa utosini? Nilitazama chini mpaka walipoanza kuimba.

Mwaka ninaousema ni ule ambao lami ya kutoka Songea ilikuwa inaukaribia mji wetu. Nilikuwa bado kijana, sijaolewa, karani wa mizani kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Barabara ilileta watu: madereva wa mitambo, wapimaji, wapishi, wauza chakula, na vyumba Mbinga vikawa vinatafutwa kama dawa. Nilikuwa na kiwanja kwenye mteremko, juu kidogo ya soko, na juu yake mstari mmoja wa vyumba nilivyopandisha kwa akiba yangu mpaka kwenye linta ya juu ya milango, vikasimama hapo misimu kadhaa bila bati, nyasi zikiota ndani. Nikakopa ili nipaue, niweke milango, nichimbe choo. Dhamana ilikuwa nyumba yenyewe. Nikishindwa kulipa, inauzwa. Maneno hayo yalikuwa ukurasa wa kwanza wa mkataba, hayakufichwa kwa herufi ndogo mahali popote. Niliyasoma, nikayaelewa, nikasaini. Nakuambia hili mapema ili usije ukadhani nilidanganywa. Watu wengi wanaozama kwenye mkopo wa nyumba hawakudanganywa na mtu. Walielewa vizuri kila neno, ila hawakujua miezi yao itakuwaje.

Hela ya mkopo iliishia kwenye milango. Dari sikuweka. Kuta za kutenganisha vyumba zilikomea usawa wa linta, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, kwa hiyo harufu ya kitunguu cha chumba cha kwanza ilifika chumba cha mwisho, na mtu akikohoa huku, mwingine kule alisema "pole". Chumba cha mbele kilikuwa fremu ya duka, akakichukua Bi Mwanaidi, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Kilwa akaja huku kuuza nguo na chumvi, na ambaye alizungumza Kiswahili kitamu mpaka sisi Wamatengo tulikuwa tunakaa kwenye benchi lake ili tu kumsikiliza akigombana na wateja. Chumba kinachofuata alikaa dereva wa katapila, kijana Mhehe wa Iringa tuliyemwita Mnyalu. Kisha Mama Tasiana na magunia yake. Mimi nilijipa cha mwisho, kile cha kando ya choo, ambacho hakuna mtu angekilipia. Wengine walikuja na kuondoka, sitakuchosha na majina yao.

Mama Tasiana alinizidi umri, kwa hiyo kila asubuhi mimi mwenye nyumba ndiye niliyempa shikamoo, na yeye mpangaji akaitikia marahaba, kisha akaniita "mama mwenye nyumba" kwa sauti ya kutania, mimi ambaye sikuwa na mtoto wala mume. Nilicheka. Lakini jina hilo lilikuwa linanisogeza mbali na watu kidogo kidogo. Jioni wapangaji walitoa majiko yao uani wakapika pamoja na kuchangia chumvi, na nilipotokea mimi mazungumzo yalibadilika, yakawa ya hali ya hewa. Nikaanza kupikia ndani.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipo, na ni kosa la watu wa kwetu hasa. Mbinga hela ina msimu. Kahawa ikiuzwa, kila mtu ana hela, hata asiye na mche mmoja wa kahawa, kwa sababu mkulima aliyelipwa ananunua kitenge kwa Bi Mwanaidi na usipa kwa Mama Tasiana. Mvua zikianza, hela inapotea, na hairudi mpaka mavuno. Kwa hiyo wapangaji wetu hulipa kodi ya mwaka mzima kwa mara moja, msimu wa kahawa. Mpangaji anapenda, maana anajua ana pa kulala hata akiishiwa. Mwenye nyumba anapenda zaidi. Wote walinilipa ndani ya juma moja. Bi Mwanaidi aliniletea ya kwake ikiwa imefungwa kwenye kipande cha khanga, akaniwekea mkononi na kuukunja mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Bibi we," akasema, "hela hii usiilaze peke yake. Itaota ndoto za ajabu."

Ikaota. Kabla ya mvua za kwanza nilikuwa nimenunua tofali na bati na kuanza mstari wa pili wa vyumba, upande wa pili wa ua. Nilifanya hesabu iliyoniridhisha: vyumba vikiwa mara mbili, kodi itakuwa mara mbili, mkopo utaisha haraka. Hesabu ilikuwa sahihi isipokuwa kitu kimoja. Ile hela haikuwa mapato yangu bado. Ilikuwa kodi ya miezi ambayo haijafika. Mpangaji akikulipa mwaka mzima leo, mwezi huu tu ndio umeshaufanyia kazi. Miezi mingine yote umeishika kwa niaba yake, na kila mmoja utakapofika utakuja na rejesho lake la mkopo, maana mkopeshaji hajui msimu wa kahawa. Yeye anajua tarehe.

Huku kwetu kuna kitu kinaitwa magoma. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa kabla ya mavuno anakwenda kwa mwenye hela, anapewa kiasi, na anaahidi kahawa yake ikiwa bado ya kijani mtini, kwa bei ya kutupa. Imekatazwa, imehubiriwa hadi kwenye misa, na bado inafanyika. Kwenye mizani niliwaona watu wa magoma kila msimu: gunia linapimwa kwa jina la mkulima, na hela inachukuliwa na mtu mwingine aliyesimama pembeni na miwani ya jua. Niliwahurumia wakulima wale, na nikiwa mkweli niliwadharau kidogo pia. Sikujua kwamba nilikuwa nimekula miezi yangu ikiwa mibichi vilevile.

Mvua zilikuja. Kiwanda kilifungwa kama kila mwaka, nasi makarani wa msimu tukarudi nyumbani. Mstari wa pili ukasimama kwenye linta, bila paa, tope jekundu likishuka kutoka kwenye tofali kila siku. Rejesho la kwanza nililipa kwa chenji iliyobaki, la pili kwa kuuza sehemu ya bati nilizonunua. La tatu nilichelewesha, na la nne sikulipa kabisa. Afisa wa mikopo akaanza kupiga simu. Alikuwa kijana mpole, jina lake Hyera, na upole wake ndio ulionitisha, kwa kuwa alisema taratibu kabisa, "Dada Otilia, ikifika hatua fulani jambo hili halitakuwa mikononi mwangu tena. Nyumba itatangazwa kuuzwa." Nilimwambia niko safarini. Nikamwambia naumwa. Nikamwambia niko Songea.

Miezi ile nilikula ugali na maharage, na siku nyingine ugali na usipa kidogo ambao Mama Tasiana alinipitishia mlangoni akisema ni wa kuonja tu, nimwambie kama umekauka vizuri. Nilikula nikiwa nimekaa kitandani, sahani magotini, mlango umefungwa ili mtu asione ninachokula. Kelele za mvua juu ya bati zikipungua nilikuwa nawasikia wote. Nilijua Mnyalu ana mchumba Makambako anayemtaka arudi. Nilijua Bi Mwanaidi akifunga duka huvua viatu na kuvitukana. Siku moja nilimsikia Mnyalu akisema, "Mwenye nyumba anachemsha maharage tena. Ndivyo walivyo matajiri. Ukiona mtu anakula nyama, huyo ni mpangaji."

"Maharage yake yanakuuma wapi?" Mama Tasiana akamjibu kutoka chumbani kwake. "Anakudai kodi?"

"Hanidai. Nimelipa mwaka."

"Basi kula nyama yako, unyamaze."

Nilicheka peke yangu, mkono ukiwa mdomoni, kisha kicheko kikageuka kitu kingine. Jumapili nilikwenda misa ya kwanza na kutoka kabla watu hawajaanza kusalimiana nje, maana salamu za kwetu ni ndefu na ndani yake kuna "mambo yanakwendaje?" Siku ya Idd Bi Mwanaidi alinitumia sahani ya pilau imefunikwa kwa kawa. Niliila nimesimama nyuma ya mlango, haraka, kisha nikaiosha sahani na kuirudisha nikisema nilikuwa nimeshashiba ila nimeonja. Nakuambia haya kwa sababu hakuna afisa wa mikopo atakayekuambia. Mpangaji mwenye shida ana mwenye nyumba wa kumlalamikia, na majirani wa kumsikiliza akilalamika. Mwenye nyumba mwenye shida anajifungia. Nilikuwa naona aibu mbele ya watu ambao, kwa mawazo yangu, waliniona tajiri, na nililinda mawazo yao hayo kwa bidii kuliko nilivyoilinda nyumba.

Ndipo nikakumbuka mtu wa Kitai. Leo mikopo ya namna yake ina jina lake, mnaiita kausha damu. Enzi zile tulisema tu "nenda kwa fulani." Huyu alikuwa na duka la mbolea pale kituoni, na alikuwa mmoja wa wale waliosimama pembeni ya mizani yangu wakati wa msimu. Nilimfuata. Alinipa kiti kizuri, akaniagizia soda na chapati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karani wa mizani! Leo umekuja kunipimia nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza vizuri, tena alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyekuwa nimezungumza naye miezi ile, nami kwa upweke niliokuwa nao nikamweleza hata nisiyoulizwa. Alipomaliza kufikiri akasema, "Mimi sikukopeshi. Kukopeshana ni ugomvi. Mimi nanunua. Msimu ujao kodi yote ya vyumba vyako naikusanya mwenyewe, mlango kwa mlango. Wewe unapata hela yako sasa hivi, unawapelekea watu wako, unalala usingizi."

"Kwa bei gani, mzee?"

Akataja. Haikufika nusu ya kodi yenyewe. Nadhani uso wangu ulionyesha kitu, kwa sababu alitabasamu na kusema, "Mwanangu, kahawa ya kijani inauzwa bei ya kahawa kavu? Wewe ndiye karani, wewe ndiye unajua." Nikamwambia nitarudi Jumamosi na shahidi, tuandikiane. Kwenye basi la kurudi Mbinga nilihisi mwili mwepesi. Nataka uukumbuke wepesi huo, maana utakujia nawe siku moja. Unakuja pale mtu anapokuondolea tatizo la mwezi huu kwa kulihamishia kwenye mwaka unaofuata. Msimu ujao ningekuwa na mkopo uleule, wapangaji walewale, na kodi sina hata senti. Ningefanya nini? Ningerudi Kitai. Naye angeniagizia soda.

Jioni hiyo Hyera alipiga simu. Mvua ilikuwa imekatika, bati zinadondosha matone tu. Nilikaa kitandani nikamwambia kwa furaha kidogo, "Jumamosi nitakuwa na hela yenu. Kuna mtu wa Kitai ananunua kodi yangu ya msimu ujao." Hyera akasema sawa, akaaga. Nikaiweka simu juu ya mto wa kitanda. Ndipo nikagundua kwamba nyumba nzima ilikuwa kimya. Redio ya Mnyalu ilikuwa imezimwa. Hakuna kijiko kilichogusa sufuria.

"Mama mwenye nyumba," sauti ya Mama Tasiana ikaja juu ya ukuta.

"Naam, mama."

"Usiende Kitai."

Miezi yote ile nilikuwa nimewasikia wao, viatu vyao na wachumba wao, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba nafasi ile juu ya ukuta ilikuwa inapitisha sauti kwenda pande zote mbili. Mtu akijiona yuko peke yake anaweza kusahau kitu cha wazi namna hiyo.

"Mmesikia?" nikauliza.

"Tumesikia tangu mwezi wa kwanza," akasema Mama Tasiana.

"Hata ile siku ulipomwambia uko Songea," akadakia Mnyalu kutoka chumbani kwake. "Nami nakusikia unapuliza mkaa. Nikasema, Songea imesogea kweli, lami hii inafanya kazi."

Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja. Mama Tasiana akaniambia nitoke, niende kwake. Chumba chake kilikuwa kimejaa magunia mpaka nusu ya ukuta, na katikati palikuwa na mkeka na ugali na samaki wa mchuzi aina ya mbasa, mkubwa, ambaye alikuwa ameletewa kutoka ziwani. Mnyalu akaja na kigoda chake. Bi Mwanaidi akaitwa kutoka kwake alikolala, chini ya soko, akaja akilalamika kwamba amepandishwa mteremko na hali ya miguu yake inajulikana. Tukanawa mikono kwenye beseni moja. Kwetu Umatengo zamani watu wa ukoo walikutana kula kwa mkubwa wao na kuzungumza shida zao hapohapo kwenye chakula, wakaita sengu. Hapa hakukuwa na ukoo wala mkubwa. Kulikuwa na Mnyasa, Mhehe, mtu mwenye asili ya Kilwa na mimi, na samaki mmoja.

Nilidhani watanihurumia. Mama Tasiana alimega tonge, akasema, "Usifikiri ni huruma. Mimi nimekulipa mwaka mzima. Nyumba hii ikiuzwa, huyo atakayeinunua atanijua mimi? Atasema nimlipe upya. Kodi yangu itakuwa imekwenda na wewe. Kwa hiyo ukiwa na shida na nyumba hii, shida hiyo ni yangu, na ulitakiwa uniambie."

Nilikuwa najua mdai mmoja tu, yule wa mkopo. Kumbe kila mpangaji aliyenilipa kabla alikuwa amenikopesha pia, naye hakuwa na mkataba wala dhamana, alikuwa na neno langu tu. Walikuwa na cha kupoteza kama mimi, na walikuwa wamekaa wakisikiliza uongo wangu kwenye simu miezi yote ile, wakinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba.

Wakaanza kuzungumza wote. Bi Mwanaidi aliuliza kwa nini vyumba vya upande wa pili vimekaa bure. Nikasema havina paa, havina plasta. "Pandisha bati zilizobaki juu ya viwili," akasema. "Mahindi yangu hayajui plasta. Natafuta stoo tangu Krismasi. Nitakulipa." Kisha akaninyooshea kidole chenye mchuzi. "Ila kwa mwezi, bibi we. Kwa mwezi! Ya mwaka sikupi, utaila." Mnyalu alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema lililonifaa kuliko yote. "Sisi barabarani, kazi ikichelewa, tunamwambia mhandisi kabla hajaja kukagua. Ukimwambia mapema ni taarifa. Akija akakuta mwenyewe, ni kesi. Nenda kwa huyo kijana kwa miguu yako."

Jumamosi ikanikuta nimeshampigia simu mzee wa Kitai kumwambia siji. Hakukasirika. Alisema mlango uko wazi. Kabla ya hapo, siku iliyofuata ule mlo, nilikuwa nimekwenda ofisi ya mikopo. Mama Tasiana alinisindikiza kwa kuwa ilikuwa njia ya kwenda sokoni, akakaa kwenye benchi la nje na beseni lake la usipa, na harufu ikaingia mpaka kwenye meza ya Hyera.

"Dada Otilia," Hyera akasema, "umerudi kutoka Songea lini?"

"Sikwenda Songea. Nilikuwa chumbani kwangu."

Nilimweleza yote, kodi ya mwaka, mstari wa pili, Kitai. Nilimwomba kitu kimoja: marejesho yafuate hela yangu inavyoingia, madogo miezi ya mvua, makubwa msimu wa kahawa. Alisema hana mamlaka ya kukubali peke yake, ila kwa kuwa nimekuja mwenyewe kabla jalada halijapelekwa mbali, atakuja kuitazama nyumba. Akaja, akakuta mahindi ya Bi Mwanaidi chini ya bati, akazungumza na wapangaji, na baada ya majuma kadhaa wakakubali kuurefusha mkopo. Usidhani niliondoka na zawadi. Mkopo ukirefushwa unalipa riba zaidi, na mimi nililipa. Nilikaa miaka bila kugusa mstari wa pili. Lakini nyumba haikutangazwa, na mavuno yalipofika niliweka kodi ya kila mpangaji kwenye bahasha za miezi, nikafungua moja moja.

Barabara ilifika mjini, ikapita, na Mnyalu akaondoka nayo. Bi Mwanaidi alihamia Songea kwa mwanawe. Mama Tasiana alipoanza kuumwa magoti alirudi Mbaha, akaniachia gunia moja la usipa na maelekezo ya kuuza. Vyumba vikajaa watu wengine, wazuri tu, walionijua kama mwenye nyumba na kuniita kwa jina hilo bila utani wowote. Siku niliyolipa rejesho la mwisho nilirudi na barua kwamba nyumba si dhamana tena, nikasimama uani katikati ya mchana. Wote walikuwa kazini. Kulikuwa na kuku tu. Nikampigia Mama Tasiana, upepo wa ziwani unavuma kwenye simu.

"Nani?" akapiga kelele.

"Mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba yupi?"

"Wa Mbinga! Nimemaliza deni!"

Mtandao ukakatika. Nilimpata tena siku nyingine, tukazungumza bei ya samaki, na sikumbuki kama nilimwambia vizuri. Nafikiri alijua. Lakini kufikiri kwamba mtu alijua si sawa na kumwambia, na mkekani Mbaha, watu wakinitazama kama mtu aliyefuata kodi, ndilo jambo lililokuwa linanizunguka kichwani.

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapa na chai yako, jenga. Kopa kama hesabu inakubali. Kodi ya mwaka ikiingia mkononi, igawe kwa miezi siku hiyohiyo, kabla hujanunua hata msumari mmoja, na utumie ya mwezi uliopo tu. Na kama umeshaila yote, usisubiri simu. Kesho asubuhi waambie wapangaji wako ukweli, kisha nenda ofisi ya mikopo ukawaambie maneno hayohayo.